Wanaounda programu za biashara vyuoni wafunzwe pia lugha ya sokoni

Kila mwaka muhula wa mwisho unapofika ukingoni, idara za sayansi ya tarakilishi katika vyuo vikuu vyetu hujaa pilkapilka. Wanafunzi wa mwaka wa nne huwasilisha miradi yao mbele ya walimu: huyu ameunda duka la mtandaoni la kuuzia viatu, yule programu ya kuweka hesabu za chama, mwenzao mfumo wa kupokea maagizo ya chakula katika mkahawa. Maswali huulizwa, alama hutolewa, vijana huvaa majoho na kwenda zao. Kisha nini? Aghalabu miradi hiyo haivuki lango la chuo. Huhifadhiwa pamoja na ripoti zake mpaka isahaulike, ilhali katika soko lililo ng'ambo ya barabara wafanyabiashara wanaendelea kuandika madeni ya wateja katika daftari lililochakaa.

Si kwamba wafanyabiashara hao hawajui thamani ya kumbukumbu. Methali isemayo kuwa mali bila daftari hupotea bila habari haikutungwa na mhadhiri wa chuo kikuu. Ni hekima ya dukani. Wala si kwamba wanaogopa mitambo. Tangu M-Pesa ilipozinduliwa mwezi Machi 2007, muuza mboga na mwenye duka la jumla wamekuwa wakipokea na kutuma fedha kwa simu bila kufunzwa na yeyote darasani. Mbona basi watu waliolipokea jambo hilo kwa mikono miwili hawazipokei programu za vijana wetu?

Majibu ni mengi. Wapo wanaolaumu gharama ya intaneti, wapo wanaolaumu uhaba wa mitaji, na wapo wanaodai kuwa mitaala imepitwa na wakati. Sina nia ya kuyapuuza maoni hayo. Mimi si mtaalamu wa tarakilishi; kazi yangu ni isimu. Hata hivyo, nimepata kualikwa mara kadhaa kuketi katika majopo ya kutathmini miradi ya aina hii, na nimeona kasoro moja ambayo wenzangu wa upande ule hawaitaji, na ambayo yamkini mwanaisimu huiona upesi zaidi. Vijana wetu hufunzwa kuunda programu za biashara bila kufunzwa kuisikiliza lugha ambayo biashara hiyo huendeshwa kwayo. Lugha huchukuliwa kuwa rangi ya kupakwa ukutani nyumba ikishakamilika, ilhali ni sehemu ya msingi wenyewe.

Tufafanue kwanza tunachokizungumzia. Programu ya wavuti ni ile ambayo mtumiaji huifungua katika kivinjari cha simu au tarakilishi yake bila kulazimika kuisakinisha. Mtandao wa wavuti ulipendekezwa mwaka 1989 na Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha CERN karibu na Geneva, ili wanasayansi waweze kusomeana maandishi kwa urahisi. Mwezi Aprili 1993, CERN ilitangaza kuwa mtu yeyote anaweza kuutumia ubunifu huo bila malipo. Mwaka 1995 ukaleta JavaScript, iliyobuniwa na Brendan Eich, na PHP, iliyotolewa na Rasmus Lerdorf. Na kwa nyenzo kama hizo kurasa zilizokuwa za kusomwa tu zikageuka kuwa mahali pa kuuza, kununua, kukopa na kulipa.

Mwanafunzi wa leo hufunzwa kwamba programu ya namna hii ina sehemu tatu: sura anayoiona mteja, kanuni zinazotekelezwa katika seva, na hifadhidata ambamo kumbukumbu huwekwa. Mafunzo hayo ni sahihi. Lakini ipo sehemu ya nne ambayo haipewi uzito unaostahili, nayo ni mazungumzo baina ya mtu na programu. Kila kitufe ni sentensi. Kila fomu ni swali. Kila ujumbe wa kosa ni jibu. Katika duka la kawaida, mteja asipoelewa humuuliza muuzaji naye akaelezwa upya kwa maneno mengine. Katika duka la mtandaoni, muuzaji ni yale maneno yaliyo kwenye skrini, na yakishindwa kueleweka hakuna wa kuyafafanua. Mteja huondoka kimya kimya, na mwenye duka hajui kilichomfukuza.

Msomaji anaweza kudhani kuwa ninazungumzia tafsiri tu, kwamba yatosha kuchukua maneno ya Kiingereza yaliyomo katika programu na kuweka ya Kiswahili mahali pake. Laiti jambo lingekuwa jepesi hivyo! Nitatoa mifano minne kuonyesha kwamba lugha hugusa mantiki ya programu yenyewe.

Mfano wa kwanza ni malipo. Mwaka 2017, Safaricom ilifungua lango liitwalo Daraja, ambalo huwawezesha waundaji wa programu kuunganisha kazi zao na M-Pesa. Mteja anapobonyeza kitufe cha kulipa, programu hutuma ombi. Simu ya mteja humtaka aweke nambari ya siri. Naye akishaiweka, matokeo hurejeshwa baadaye kwenye anwani ambayo mwundaji ameiandaa. Ikumbukwe kwamba ombi kukubaliwa si malipo kupokelewa. Baina ya mambo hayo mawili kuna muda, nao unaweza kuwa wa sekunde chache au zaidi. Kosa ambalo wanafunzi hulitenda mara kwa mara ni kuandika kwamba bidhaa imelipiwa mara tu ombi linapokwenda. Mwenye duka akiamini taarifa hiyo, hutoa mali yake bure.

Sasa tazama jinsi sarufi ya Kiswahili inavyolitatua tatizo hili kabla ya msimbo kuandikwa. Sisi husema malipo yamepokelewa, malipo hayajapokelewa, malipo hayakupokelewa. Kiambishi -ja- humweleza mteja kuwa jambo bado linatarajiwa, hivyo angoje. Kiambishi -ku- humweleza kuwa jambo limeshindikana, hivyo ajaribu tena. Anayeyachanganya haya mawili, au anayeweka neno moja la Kiingereza lisiloeleweka kwa yote mawili, humfanya mteja abonyeze kitufe mara ya pili na pengine kulipa maradufu. Mwanafunzi ambaye angeanza kazi yake kwa kuandika sentensi hizi tatu katika Kiswahili sanifu angegundua papo hapo kwamba hifadhidata yake yahitaji hali tatu za malipo, si mbili. Hapo sarufi si pambo. Ni ramani ya kazi.

Mfano wa pili ni alama ndogo ambayo wengi huidharau: kile kibainishi tunachokiweka katika ng'. Katika maandishi ya Kiswahili, alama hiyo si urembo. Kung'oa ni kutoa kitu pamoja na mizizi yake, ilhali ngoa ni uchu au wivu. Alama hiyo hiyo imo katika majina ya Wakenya wengi: Ng'ang'a, Ng'eno, Nyong'o. Katika SQL, lugha inayotumiwa kuziamuru hifadhidata nyingi, alama hiyo huwa na kazi nyingine kabisa: huonyesha mahali maandishi yanapoanzia na yanapokomea. Mwundaji mzembe anayelibandika jina la mteja moja kwa moja ndani ya amri yake huiona programu ikivunjika mara tu Bwana Ng'ang'a anapojisajili, kwa sababu hifadhidata hudhani kuwa jina limeishia baada ya herufi mbili za mwanzo.

Jambo hili si la kuchekesha. Ufa ule ule unaolivunja jina la Bwana Ng'ang'a ndio ambao mwizi wa mtandaoni huupenyezea amri zake, akasoma au kufuta kumbukumbu zisizo zake. Dawa inajulikana na wala si ngumu: amri huandaliwa kwanza, kisha data ikapelekwa kando ili isichukuliwe kamwe kuwa sehemu ya amri. Lakini wapo wanaochagua njia ya mkato ya kuikataa alama hiyo katika fomu, au kuifuta kimya kimya. Matokeo yake ni kwamba raia anaambiwa na mashine kuwa jina alilopewa na wazazi wake ni batili, au jina lake katika programu halilingani na lililo katika kitambulisho chake. Isitoshe, kibainishi kilichonyooka na kile kilichopinda, ambavyo kwa macho yetu ni kitu kimoja, kwa tarakilishi ni herufi mbili tofauti. Mteja akiandika jina lake kwa kimoja leo na kwa kingine kesho, asiyelijua hilo atamhesabu kuwa watu wawili. Nani aliye na nafasi nzuri zaidi ya kuligundua tatizo hili kuliko mwanafunzi aliyelelewa katika nchi yenye majina hayo? Hata hivyo, vitabu anavyosomea vimejaa mifano ya wateja ambao majina yao hayana kibainishi hata kimoja.

Mfano wa tatu ni ngeli. Katika Kiingereza, programu inayohesabu bidhaa huongeza herufi moja mwishoni mwa nomino nyingi ili kuonyesha wingi, na kazi ikaisha. Mwanafunzi anayeiga mtindo huo huandika kiolezo kimoja tu, akaacha nafasi ya idadi na ya jina la bidhaa, na mwishoni akaweka imeuzwa. Programu yake basi hutangaza kwamba kikapu 1 imeuzwa, magunia 3 imeuzwa, mbuzi 2 imeuzwa. Mteja huelewa, ndiyo, lakini humwona mwenye duka kuwa mtu asiyejali. Sisi tunajua kwamba kikapu kimeuzwa, vikapu vimeuzwa, gunia limeuzwa, magunia yameuzwa na mbuzi wameuzwa.

Shirika la Unicode, ambalo husimamia viwango vya maandishi ya tarakilishi duniani, limeweka kanuni za Kiswahili katika hazina yake ya lugha, na hata likatenga Kiswahili cha Kenya, cha Tanzania, cha Uganda na cha Kongo. Lakini katika suala la idadi, kanuni hizo hutofautisha umoja na wingi tu; upatanisho wa ngeli umeachiwa mwundaji. Naye ana njia mbili za kuaminika. Anaweza kuiwekea kila bidhaa umoja wake, wingi wake na ngeli yake ndani ya hifadhidata. Au anaweza kuibadili sentensi ili isihitaji upatanisho, akaandika Mauzo ya leo kisha akaorodhesha vikapu 3, magunia 2. Njia zote mbili huamuliwa mwanzoni. Anayesubiri hadi programu ikamilike ndipo atafute mtu wa kumtafsiria maneno atakuta kwamba maneno hayatafsiriki bila kuubomoa ukuta.

Mfano wa nne ni saa na vipimo. Mtu anapoahidiwa kuletewa mzigo saa nne asubuhi, huelewa kuwa ni wakati ambao saa za kidijitali huonyesha 10:00. Programu inayotafsiri neno kwa neno na kuandika saa 10 asubuhi imemwambia kitu kingine, kwani kwa Mswahili saa kumi, kama si ya jioni, ni ya alfajiri. Biashara ya kusafirisha mizigo au ya kupanga miadi ya kinyozi haiwezi kuvumilia tofauti ya saa sita. Kadhalika, fomu inayomlazimisha muuzaji aandike kila kitu kwa kilo haijui kwamba mahindi hupimwa kwa gorogoro na debe, nyanya huuzwa kwa fungu, na nguo za jumla huhesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini. Mama anayeuza nafaka hatafanya hesabu ya kugawanya gorogoro katika kilo ili kuifurahisha programu. Atalirudia daftari lake, na atakuwa na haki.

Katika mifano yote minne, kasoro si upungufu wa akili au bidii. Vijana wetu wana vyote viwili. Kasoro ni kwamba walianza kwenye mashine wakaelekea kwa mtu, badala ya kuanza kwa mtu wakaelekea kwenye mashine.

Zaidi ya ubora wa kazi, kuna suala la haki. Biashara ni makubaliano, na makubaliano yasiyoeleweka na upande mmoja si makubaliano bali ni mtego. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inatamka kwamba Kiswahili ndicho lugha ya taifa, na kwamba Kiswahili na Kiingereza ni lugha rasmi. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike nazo kikamilifu. Nayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mtu anayetoa habari zake iwe ya wazi, ya hiari na yenye kufahamu jambo analoliridhia. Je, mkopaji anayebonyeza kitufe cha kukubali chini ya kurasa kadhaa za Kiingereza cha mawakili ameridhia nini hasa? Amekubali riba gani, na tarehe ipi ya kulipa? Anaruhusu nani afungue orodha ya nambari zilizomo katika simu yake?

Hapa pana jambo la kutafakari. Kampuni zinajua fika kwamba Kiswahili huuza. Ndiyo maana bidhaa za fedha za simu huitwa kwa majina ya Kiswahili, na mabango ya matangazo barabarani huandikwa kwa Kiswahili kitamu. M-Pesa yenyewe humruhusu mteja achague menyu ya Kiswahili. Lakini katika programu nyingi, Kiswahili hukomea mlangoni. Mteja hukaribishwa kwa lugha yake, na masharti husomwa kwa lugha nyingine. Wanafunzi wetu huiga mtindo huo kwa sababu ndio wanaouona, na hakuna mwalimu anayewauliza swali.

Najua pingamizi zitakazotolewa. La kwanza ni kwamba lugha za kuunda programu zimejengwa juu ya Kiingereza, hivyo mwanafunzi hana budi kufikiri kwa Kiingereza. Hoja hii huchanganya mambo mawili. Maneno maalum ya lugha hizo ni machache. Python, kwa mfano, ina yasiyofika 50. Hayo ni ya kuiamuru mashine na mteja hayaoni kamwe. Anayoyaona mteja ni maneno ambayo mwundaji ameyachagua mwenyewe, na hakuna mashine iliyomlazimisha ayachague katika lugha fulani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilionyesha hilo mwaka 2004, wakati mradi wake wa Kilinux ulipotoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya kazi za ofisini iliyozungumza Kiswahili.

La pili ni kwamba istilahi hazijatulia: huyu husema kompyuta, yule tarakilishi, huyu nywila, yule nenosiri. Ni kweli, na hapa lazima niwaambie wanaisimu wenzangu bila kupepesa macho kwamba sisi pia tumechangia. Mara nyingi tumeunda maneno tukiwa tumeketi ofisini, tukayachapisha, kisha tukashangaa kwamba hayasemwi. Mwundaji wa programu ya biashara hahitaji neno lililopitishwa na jopo ikiwa sokoni lipo neno linalosemwa na wote. Watu wanasema nambari ya siri na wanaelewana. Basi na iandikwe hivyo. Nayo Sheng ya vijana je? Isikilizwe pia, maana ni sehemu ya mazungumzo ya biashara mijini. Lakini panapohusu fedha na ahadi, lugha itakayoandikwa iwe ile ambayo nyanya na mjukuu wake wataielewa kwa namna moja.

La tatu, ambalo vijana wenyewe hulitoa, ni kwamba ajira nzuri ziko katika kampuni za ng'ambo, hivyo Kiswahili hakitawafaa. Nawasihi walifikirie upya. Anayejifunza kuunda programu inayoheshimu ngeli za Kiswahili amejifunza kanuni itakayomfaa popote. Kiarabu, kwa viwango vya Unicode, kina aina sita za kuonyesha idadi. Kichina hakibadilishi nomino kama tunavyobadilisha sisi. Kampuni inayouza bidhaa katika nchi nyingi humtafuta mtu anayejua kwamba lugha hazifanani, si yule anayedhani kuwa dunia yote husema kama kitabu chake cha kiada. Fauka ya hayo, soko la Kiswahili lenyewe linapanuka. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na mwaka uliotangulia UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Programu inayosema Kiswahili vizuri mjini Kisumu inaweza kufunguliwa Mwanza, Bujumbura na Lubumbashi.

Wala tusisahau kwamba Wakenya wameshauonyesha ulimwengu wanachokiweza. Mwezi Januari 2008, katika siku za machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, kikundi kidogo kiliunda programu ya wavuti ya kukusanya taarifa za ghasia zilizotumwa na wananchi na kuzionyesha katika ramani. Waliiita Ushahidi. Miaka miwili baadaye, tetemeko la ardhi lilipoikumba Haiti, programu hiyo hiyo ilitumiwa huko. Haikuwa ya biashara, lakini ina funzo kwa biashara: ilianza na watu waliokuwa na jambo la dharura la kusema, si na mashine iliyokuwa ikitafuta kazi ya kufanya.

Tufanye nini basi? Sipendekezi kozi mpya, kwa kuwa najua ratiba za vyuo zimejaa hadi pomoni. Napendekeza mambo manne yanayoweza kuanza muhula ujao.

Kwanza, mradi wowote wa programu ya biashara uwe na mfanyabiashara wa kweli. Kabla ya kuandika mstari mmoja wa msimbo, mwanafunzi aketi dukani au sokoni kwa siku kadhaa na aandike maneno anayoyasikia: wanavyotaja vipimo, wanavyotaja deni, wanavyokataa kwa heshima, wanavyotoa risiti. Orodha hiyo iwe sura ya kwanza ya ripoti yake.

Pili, programu iweze kusomeka kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Maneno yote yatakayosomwa na mteja yawekwe katika faili zake mbali na msimbo, ili yaweze kurekebishwa bila kuvuruga kanuni. Na kila ukurasa utangaze lugha yake. HTML ina nafasi maalum ya kufanya hivyo, na kifupisho cha Kiswahili ni sw. Herufi hizo mbili zina maana kubwa kwa kipofu anayetumia programu ya kumsomea, maana ndizo huijulisha mashine imsomee kwa matamshi ya lugha ipi.

Tatu, idara ya Kiswahili na ya tarakilishi zishirikiane katika kusimamia miradi hiyo. Mwanafunzi wa isimu apewe mwenzake wa tarakilishi, na wote wawili watuzwe alama. Wanafunzi wangu huniuliza kila mwaka watafanya kazi gani wasipopata nafasi ya kufundisha. Hii hapa kazi moja, tena yenye heshima: kuandika maneno ambayo maelfu ya watu watayategemea wanapolipa na kulipwa.

Nne, tathmini isifanywe na walimu peke yao. Wapewe simu watu watatu ambao hawakuhusika na mradi, waambiwe wanunue kitu au waandike deni, na mwanafunzi asiruhusiwe kutia neno. Wakikwama, alama zipungue, hata kama sura ya programu inang'aa kama dhahabu.

Kwa walimu wa shule za upili nina neno pia. Wanafunzi waliopitia mfumo wa 8-4-4 wameijua sajili ya biashara katika isimujamii, na wameandika hojaji na maelekezo katika insha za kiuamilifu. Wengi hudhani kwamba hayo ni ya mtihani wa KCSE tu, nao wakishaufanya huyafungia kabatini. Mwalimu anayewaambia kuwa hojaji ni fomu, na kwamba fomu ndiyo itakayoamua iwapo muuza nafaka atatunza mali yake au ataipoteza, amewapa sababu ya kuandika swali linaloeleweka. Huyo amemfunza mwundaji wa programu hata kama darasani mwake hamna tarakilishi hata moja.

Nanyi vijana mlioko vyuoni, msidanganywe kwamba kujua mashine kunatosha. Nyenzo mnazosomea zitabadilika. Zile za mwaka 1995 zimekwisha kubadilika mara nyingi, na za leo hazitadumu milele. Mtu atakayekuja dukani mwenu atataka mambo yale yale aliyoyataka babu yake: ajue bei ni ngapi, deni ni la nani, malipo yamefika au hayajafika. Mjifunze kumjibu kwa lugha anayouliza.